Mungu Yu Katika Ngeli Gani?

Sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Kiyovu, jijini Kigali, huulizwa na wanafunzi wetu swali ambalo vitabu vya sarufi hulipita mbio. Swali lenyewe ni hili: kwa nini Mswahili husema "Mungu anajua", akimpa Mungu upatanisho ule ule anaompa mtu, hali Mnyarwanda husema "Imana irabizi", akimpa Mungu upatanisho anaompa ng'ombe? Jibu la ubaoni ni jepesi. Neno Imana limo katika ngeli ambayo wataalamu huihesabu kuwa ya 9, pamoja na inka, inzovu na inzoka, na Kinyarwanda hufuata kiambishi cha neno po pote kiendapo. Kiswahili, kwa upande wake, kikikuta kiumbe chenye uhai huacha kiambishi na kufuata uhai. Ndiyo maana tunasahihisha kwa wino mwekundu kila atakayeandika "ng'ombe inakula", ijapokuwa sokoni tunayasikia hayo kutwa nzima na biashara haiharibiki. Tena neno Mungu lenyewe lina wingi wa miungu, kana kwamba ni mti na miti, lakini upatanisho wake ni wa mtu.

Mwanafunzi mwerevu hatosheki na jibu hilo. Atataka kujua kama lugha inatuambia lo lote juu ya Mungu mwenyewe, au inatuambia tu juu ya viambishi. Tunakusudia katika makala haya kulichukua swali hilo kwa uzito unaolistahili, kwa kuwa katika nchi hii swali la ngeli halikuishia darasani.

Aliyelitendea swali hili haki kuliko wote ni mwana wa Rwanda, Padre Alexis Kagame, aliyezaliwa mwaka wa 1912 na kufariki Nairobi mwaka wa 1981. Mwaka wa 1956 kilichapwa Brussels kitabu chake cha Kifaransa juu ya falsafa ya kuwako kwa mujibu wa Kinyarwanda, ambacho chanzo chake ni tasnifu aliyoiandika Roma. Kagame aliuliza: mababu wasioandika vitabu, fikra zao tutazisoma wapi? Akajibu kwamba tutazisoma katika lugha waliyotuachia. Basi akalichukua shina -ntu, akaona kwamba kila kilichoko kinaingia katika moja ya maneno manne. Umuntu ni kiumbe chenye akili. Ikintu ni kiumbe kisicho na akili, awe mnyama, uwe mmea, liwe jiwe. Ahantu ni mahali pamoja na wakati. Ukuntu ni namna: rangi, kipimo, uhusiano, tendo, na yote yanayokaa juu ya kingine wala hayasimami peke yake. Aristotle alikuwa na makundi 10 ya namna hii. Kagame aliyapanga yote 10 ndani ya haya manne, na mwaka wa 1976 akachapisha kitabu kingine akiupima mpango huo kwa lugha nyingi za Kibantu.

Msomaji atauliza: na Imana je? Hapo ndipo tunapomwona Kagame ni mwanafalsafa na si mkusanyaji wa msamiati tu. Alisema Imana hamo katika -ntu kabisa. Kila chenye -ntu ni kile kilichopata kuwako. Imana hakupata kuwako, kwa maana yeye ndiye Iyakare, wa tangu kale, na Iyambere, wa kwanza. Kwa hiyo, kwa Kagame, kumwita Mungu "kiumbe kikubwa kuliko vyote" ni kosa la ngeli, kama kuliingiza neno mahali ambapo upatanisho wake haupo.

Mawazo hayo hayakukosa wapinzani. Paulin Hountondji wa Benin, katika kitabu chake cha mwaka wa 1977, alimkosoa Kagame pamoja na Padre Placide Tempels aliyemtangulia, akisema kwamba falsafa ni kazi ya mtu mmoja mmoja anayehoji na kuhojiwa, wala haiwezi kulala kimya ndani ya lugha ya kabila zima ikingoja kuamshwa. Sisi twaona kwamba Hountondji ana haki kwa sehemu kubwa, na mwalimu wa Kiswahili anayo hoja ya kumwongezea. Katika maneno manne ya Kagame, Kiswahili kina mtu na kitu, lakini ahantu na ukuntu tunavisema kwa maneno mengine kabisa: mahali, ambalo asili yake ni Kiarabu, na namna, ambalo nalo limetoka ng'ambo. Je, tuseme Mswahili alipoteza mahali hadi alipouziwa na jirani zake? La hasha. Mgeni mahali aliingia nyumbani akakuta pa- iko, akaitii: twasema mahali pazuri, mahali hapa. Fikra ya mahali ilikuwapo kabla ya neno, na ilibaki neno lilipobadilika. Basi lugha ni ushahidi, wala hatukatai. Lakini ushahidi hauwezi kuketi pia kwenye kiti cha hakimu.

Hata hivyo jambo moja la Kagame halianguki pamoja na hoja za sarufi, nalo ni lile la Mungu kutokuwa mtu mkubwa. Ili kulipima, tumlinganishe na mtu wa mbali naye sana, ambaye alilifikia kwa njia ya akili tupu.

Baruch Spinoza alizaliwa Amsterdam mwaka wa 1632, katika jamaa ya Wayahudi waliotoka Ureno. Tarehe 27 Julai 1656, akiwa na umri wa miaka 23, jumuiya yake ilimtenga kwa sababu ya maoni yake. Tangu hapo aliishi kwa unyenyekevu, akisugua vioo vya darubini ili apate riziki. Na mwaka wa 1673, alipoitwa awe profesa huko Heidelberg, alikataa ili asiupoteze uhuru wa kufikiri. Alikufa mwaka wa 1677, na mwaka huo huo rafiki zake wakakichapa kitabu chake kikuu juu ya maadili, kilichopangwa kama hesabu za jometri: maana za maneno kwanza, kisha misingi, kisha hoja moja baada ya nyingine. Wenzetu walimu watapendezwa kujua kwamba katika maandishi yaliyochapwa pamoja na kitabu hicho kulikuwamo sarufi ya Kiebrania ambayo hakuwahi kuimaliza. Humo alidai kwamba karibu maneno yote ya Kiebrania yana tabia ya nomino. Tunalitaja hili kwa furaha kidogo, maana wanafalsafa wanaojua kunyambua maneno si wengi.

Fundisho lake tunaweza kulieleza kwa maneno ya Kagame, ingawa wawili hawa hawakulingana. Kwa Spinoza iko dhati moja tu isiyo na mpaka, inayosimama peke yake, na dhati hiyo ndiyo Mungu. Alimtaja Mungu na maumbile kama majina mawili ya hiyo hiyo moja. Vingine vyote, yaani milima hii ya Kigali, ng'ombe, mwalimu na ubao wake, ni namna tu za dhati hiyo. Kwa Kinyarwanda tungesema: Spinoza aliwatoa abantu na ibintu vyote akavitia katika ukuntu. Kagame alimweka Mungu nje ya ngeli zote nne. Spinoza akaziingiza zote ndani ya Mungu. Padre asingemkubali hata kidogo, kwa kuwa kwake Muumba na kilichoumbwa ni wawili. Lakini tazama walipokutana: wote wawili wanakataa Mungu afanywe mtu aliyekaa juu, mwenye hasira na upendeleo, anayebadili nia kama chifu aliyeletewa zawadi. Na mtoto wa chuoni pwani, aliyefundishwa kwamba Mwenyezi Mungu hafanani na cho chote, angewaambia wote wawili kwamba hilo halikuwa geni kwake.

Hatumwombi msomaji aiache dini yake. Tunamwomba atazame kinachofuata katika maisha pindi mtu akishaacha kumwona Mungu kama chifu. Spinoza alitoa mfano wa jiwe lililoanguka kutoka paani likamwua mpita njia. Watu watakuambia Mungu alitaka afe. Ukiwajibu kwamba upepo ulivuma na mtu huyo alikuwa akipita, watauliza kwa nini upepo ulivuma saa ile, na kwa nini alipita saa ile. Nao hawatakoma kuuliza mpaka ukimbilie katika mapenzi ya Mungu, ambayo kwa Spinoza, yakitumiwa hivyo, ni maficho ya kutojua.

Nasi tunayo maficho hayo, tena tumeyapamba. Basi likipinduka mlimani kwa breki ambazo hazikukaguliwa, husemwa kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Hatuwalaumu wafiwa, neno hilo matangani hufunga jeraha, na atakayekwenda kulijadili mbele ya jeneza hana adabu. Ila likitoka matangani likaingia katika ofisi ya mkaguzi wa magari, limekuwa ngao ya mzembe. Hali kadhalika hapa Kiyovu. Wenyeji wa mji wanakumbuka kwamba zilikuwapo Kiyovu mbili, Kiyovu y'abakire na Kiyovu y'abakene, ya matajiri juu penye miti na barabara pana, na ya maskini chini yake, hadi nyumba za chini zilipobomolewa mnamo mwaka wa 2008 na wakazi wengi kupelekwa Batsinda. Ni rahisi kusema kwamba tajiri na maskini wamepangwa na Mungu. Asemaye hivyo hajauliza mitaa ya juu ilichorwa na nani enzi za ukoloni, na ilichorwa kwa ajili ya nani.

Lakini hayo ni madogo. Wanyarwanda wana methali isemayo "Imana yirirwa ahandi, igataha i Rwanda": Mungu hushinda kwingine, na jioni hurudi nyumbani Rwanda. Baada ya mwaka wa 1994 methali hiyo imekuwa swali kwa watu wengi. Kati ya Aprili na Julai mwaka huo, katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, waliuawa watu zaidi ya milioni 1 kwa hesabu ya serikali ya Rwanda, wengi wao na majirani, na wengi makanisani walikokimbilia. Mwenye kufikiri hawezi kulipita jambo hilo akiendelea na mazungumzo yake juu ya dhati na namna.

Tulitazame basi kwa jicho la kazi yetu. Neno lililotumiwa na redio ya chuki, RTLM, kuwaita waliokusudiwa kuuawa lilikuwa inyenzi, yaani mende. Na pengine inzoka, nyoka. Maneno haya mawili yamo katika ngeli ya 9. Ndiyo ngeli ile ile ya Imana. Upatanisho wa i- uliomtukuza Mungu ndio uliowashusha watu hadi kuwa wadudu, wala hakuna kiambishi kilichogoma. Kagame aliandika kwamba umuntu ni kiumbe chenye akili, na kila mtoto wa Rwanda husema umuntu bila kukosea tangu akiwa na miaka mitatu. Wauaji walizungumza Kinyarwanda kile kile cha waliouawa. Hapo ndipo hoja ya kwamba hekima ya Kibantu imehifadhika salama ndani ya lugha inapotushinda kuitetea. Sarufi ilikuwapo, nzima, na haikumwokoa mtu.

Na kabla ya redio palikuwa na madaftari. Wabelgiji, katika miaka ya 1930, waliwaandikia Wanyarwanda kabila katika vitambulisho. Baada ya uhuru desturi hiyo ikaendelezwa, na shuleni ikafuata sera iliyoitwa iringaniza, yaani kusawazisha, ambayo iligawa nafasi za masomo kwa kabila na kwa mkoa. Katika shule nyingi mwalimu alisimama mbele ya darasa akawataka watoto wa kundi hili wasimame, kisha wa kundi lile, akaandika. Sisi tulio walimu tunajua kupanga maneno katika makundi ni kazi isiyo na madhara. Wenzetu wale nao waliona wanapanga tu.

Mmoja aliyelikataa jambo hilo aliishi hapa hapa Kiyovu. Agathe Uwilingiyimana, aliyezaliwa mwaka wa 1953, alikuwa mwalimu wa hesabu na kemia kabla hajaingia katika serikali. Alipofanywa waziri wa elimu mwaka wa 1992 aliufuta mgao wa makabila katika kuchagua wanafunzi, nafasi zikatolewa kwa alama za mtihani. Kitambulisho chake mwenyewe kilimhesabu kuwa Mhutu. Kwa upande wa kabila, mlango aliowafungulia wengine haukuwa umefungwa kwake. Julai 1993 akawa waziri mkuu. Asubuhi ya tarehe 7 Aprili 1994 askari walimwua, yeye na mumewe, huku Kiyovu. Askari 10 wa Kibelgiji wa Umoja wa Mataifa waliotumwa kumlinda walikamatwa wakauawa siku hiyo hiyo katika Kambi Kigali. Watoto wake walikuwa wamefichwa, na waliokolewa na Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, Mwislamu mcha Mungu, ambaye naye aliuawa Kigali tarehe 31 Mei.

Hatujui kama Bi Agathe alipata kumsoma Spinoza, na si lazima. Aliuliza swali la mwenye akili: alama hizi na kabila hili vina uhusiano gani? Alipoona havina, alifuta safu moja katika daftari. Watu huidhani falsafa ya akili kuwa kavu na isiyo na moyo, ya watu walioketi mbali na machozi ya wenzao. Sisi twaona kwamba katika mwaka ule wa 1992 ukavu huo ulikuwa rehema kuliko hotuba nyingi za upendo zilizosemwa katika nchi hii.

Hapa inafaa tutaje neno linalowachanganya wanafunzi wetu. Siku hizi neno ubuntu limeenea duniani kutoka Afrika Kusini likiwa na maana ya utu. Katika Kinyarwanda ubuntu ni ukarimu, na kitu cha ku buntu ni cha bure. Utu huitwa ubumuntu. Tofauti hiyo tunaipenda. Mtoto aliyepita mtihani hakupewa nafasi ku buntu, kwa hisani ya waziri. Alistahili. Ubumuntu wa waziri ulikuwa ni kuona kwamba alistahili.

Ndivyo Spinoza naye alivyoyaeleza maisha mema. Alisema kwamba chuki ikijibiwa kwa chuki huongezeka, na ikijibiwa kwa upendo yaweza kufa. Kwamba anayeifuata akili hajitakii jema asilowatakia wengine. Na kwamba hakuna kimfaacho mtu kuliko mtu mwenzake. Mswahili husema kwa kifupi: mtu ni watu. Tena hakuahidi thawabu. Wema kwake haungoji kulipwa ahera, maana wema ndio furaha yenyewe, na amwonaye Mungu kama mlipaji mishahara amemrudisha katika uchifu.

Lakini lipo jambo ambalo hatukubaliani naye kwa wepesi. Kwa kuwa alisema yote hutokea kwa ulazima wa maumbile, kama pembe tatu zinavyojumlika kuwa mbili mraba, je, muuaji hatasema kwamba naye hakuwa na budi? Spinoza aliulizwa swali hilo angali hai, akajibu kwamba aliyepata kichaa kwa kuumwa na mbwa anasameheka, hata hivyo ni haki kumzuia asiwadhuru wengine, hata kwa kumwua. Jibu hilo linatosha kwa mbwa. Halimtoshi mama aliyefiwa, ambaye anataka kusikia jina la aliyetenda.

Mahakama za gacaca, zilizoanza kwa majaribio mwaka wa 2002 na kufungwa mwaka wa 2012 baada ya kesi zaidi ya milioni 1.9, zilikuwa na upungufu wake, na wako waliozilaumu kwa haki. Hata hivyo sheria yake ilikuwa na sharti ambalo mwalimu wa lugha hawezi kuliacha lipite. Aliyetaka kuungama kwake kukubaliwe hakuruhusiwa kusema kwamba watu waliuawa. Ilimpasa aeleze alichofanya, mahali, wakati, jina la aliyeuawa na majina ya aliokuwa nao. Kwa lugha yetu, alitakiwa atoke katika kauli ya kutendwa aingie katika kauli ya kutenda, na kiambishi cha nafsi kiwe ni-.